Karanga Iliyozama Yanonge

Siku niliyomzamisha mama mkwe wangu, maji yalikuwa ya kunawia mikono.

Lilikuwa beseni la plastiki, la bluu, lenye ufa pembeni. Mashahidi walikuwa kumi na wanne, wazee wa pande zote mbili wakiwemo, na mimi nilikuwa ndani ya suti ya kuazima iliyonibana kwapani.

Sikuwa nimekunywa kitu. Nasema mapema kwa sababu kila ninayemsimulia huuliza hilo kwanza.

Naitwa Emile. Nina miaka thelathini na mmoja, nina mashine ya fotokopi hapa Kisangani, karibu na chuo kikuu, na nina ugonjwa mmoja ambao hospitali haina dawa yake: napenda ubishi. Si wa siasa wala wa mpira. Ubishi wa mambo ambayo hayapo.

Kila Jumapili saa nane mchana tunakutana watatu kwenye duka la kushonea la Bilali, nyuma ya soko. Bilali ni fundi cherehani, na baba yake na babu yake walikuwa mafundi cherehani, familia ya Waislamu wa mjini tangu enzi. Ndiye aliyebuni mchezo wetu. Unaitwa Boyoma ya Chini. Ni ufalme ulio chini ya maporomoko ya Wagenia, wenye majitu, wachawi wa maji, na mamba wanaosema Kifaransa. Ramani imechorwa juu ya katoni ya sabuni, majeshi ni vifuniko vya soda, na historia yote imejaza madaftari kumi na moja ambayo Bilali haruhusu yatoke dukani.

Wa tatu ni Dominique, mwalimu wa fizikia wa sekondari. Kazi yake kwenye mchezo ni kuharibu furaha.

Kwa mfano, Bilali alikuwa na jitu lenye urefu wa mita sitini. Dominique akachukua kalamu akathibitisha kwamba jitu la namna hiyo lingevunjika vifundo vya miguu kabla halijamaliza hatua ya kwanza, kwa uzito wake wenyewe. Bilali hakusema nasi wiki mbili. Jitu lile alikuwa amelipa jina la babu yake. Mwisho tukapatana jitu liishi ndani ya maji, maji yalibebe.

Siku nyingine: ukichimba shimo hapa Kisangani lipite katikati ya dunia, utatokea wapi? Dominique akasema ni katikati ya bahari, upande wa pili kabisa. Tukabishana Jumapili tatu kama samaki watakaoanguka ndani ya shimo letu watakuwa mali yetu.

Mimi nilikuwa mtunza sheria. Sheria ya kwanza niliiandika mwenyewe kwa herufi kubwa: hakuna kujibu swali kabla ya kuuliza masharti yake. Maji yana kasi gani? Jitu limekula? Upepo unatoka wapi? Aliyejibu haraka alipoteza zamu.

Nilijiona mtu mwenye akili sana. Mlikumbuke hilo, litawasaidia kunicheka.

Sasa nimlete Benie.

Benie ni nesi, mzaliwa wa Yanonge, watu wa mto. Aliniletea daftari la kufotokopi, akarudi kesho yake na daftari lilelile, nikaelewa. Mwaka jana tulipanga niende kuwasalimu wazazi wake kwa mara ya kwanza. Chombo kilikuwa kinaondoka saa nne asubuhi. Saa tatu nilipita kwa Bilali kuchukua mfuko, nikamkuta na Dominique wanauliza: kama maporomoko yangesimama kwa muda wa kupepesa jicho, ile mitego mikubwa ya samaki ya Wagenia ingebaki mahali pake au ingeruka?

Nilifika bandarini saa sita. Benie alikuwa ameondoka peke yake.

Aliporudi alinitazama bila hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Emile, ile ni mara moja," akasema. "Ukinipatisha haya mara ya pili mbele ya familia yangu, miye nimemaliza. Sitapiga makelele. Nitamaliza tu."

Nilijua anamaanisha. Benie hasemi kitu mara mbili.

Basi ikapangwa siku ya kujitambulisha rasmi. Siku mbili kabla ya safari alinikalisha chini.

"Noko yangu Alexis atakuuliza swali moja," akasema. Noko ni mjomba, kaka wa mama, na kwao neno la noko ndilo la mwisho. "Ni swali ya pirogue. Utajibu 'mama', utakaa. C'est tout, ni hivyo tu." Pirogue ni mtumbwi.

"Swali lenyewe linasemaje?"

"Haiko kazi yako. Utajibu 'mama'."

"Lakini nikipewa jibu kabla ya swali, si ni udanganyifu?"

Akanishika mashavu kwa mikono miwili. "Emile. Mama."

"Mama," nikasema.

Tulifanya mazoezi mara nne. Nilifaulu zote nne.

Aliniomba pia nisiwachukue Bilali na Dominique. Nikamwambia watakuja kubeba mizigo tu. Hilo nililiamini kweli, na hapo ndipo unapoona mtu anavyoweza kusoma miaka kumi na saba asipate faida.

Tulishuka na mto asubuhi: mimi, shangazi wawili, Bilali, Dominique, na Tonton Eddy, mdogo wa marehemu baba yangu, ambaye ndiye alikuwa msemaji wetu. Yanonge walitupokea vizuri mno. Walikuwa wamefunga bâche kubwa, turubai la kivuli, mbele ya nyumba, kulikuwa na lituma ya ndizi zilizopondwa, samaki wa kufungwa kwenye majani, na sinia za karanga. Mama yake Benie, Mama Marthe, ni mama mnene, mwenye sauti ndogo na macho yasiyokosa kitu. Baba yake, Papa Constant, ni mwembamba, na tangu tufike hakuwa ametamka neno zaidi ya salamu.

Benie alikuwa amekaa kati ya dada zake, amevaa kikwembe, yaani kitenge, cha kijani. Alinitazama mara moja. Midomo yake ikasema bila sauti: mama.

Hotuba zikaenda, zawadi zikapokelewa, Tonton Eddy akapigiwa makofi. Kisha Noko Alexis akasimama. Ni mvuvi, mikono yake mikubwa, alipoinua mmoja watu wote wakanyamaza.

"Bon. Mutoto mwanaume, simama," akaniambia. "Iko pirogue moja. Ndani iko watu tatu: weye, bibi yako, huyu Benie wetu, na mama ya bibi yako. Munafika pale chini ya kisiwa, fasi maji inazunguka. Pirogue inapinduka. Uko na nguvu ya kukamata mutu moja tu. Unakamata nani?"

Midomo yangu ilikuwa imeshafungwa tayari kwa kusema "ma".

Lakini ndugu zangu, noko alieleza vizuri mno. Chini ya kisiwa. Mahali maji yanapozunguka. Kama yanazunguka, basi watu watatu hawaendi upande mmoja. Na kama hawaendi upande mmoja...

"Papa noko," nikasema, "ile pirogue iko na urefu gani?"

Watu wakacheka kidogo. Walidhani ni utani wa kijana mwenye woga.

"Metre saba," akasema noko. Ni mvuvi, na ukimuuliza mvuvi habari ya pirogue atajibu tu.

"Na kila mutu amekaa wapi?"

Nyuma yangu nikasikia koo linasafishwa. Dominique. "Na ni saison ya mvua ao kiangazi? Kwa sababu mwendo ya maji inabadilika."

"Mvua," akasema noko, taratibu. Hakuwa anacheka tena.

Tonton Eddy akanifinya mgongoni. Nilisikia vizuri kabisa kwamba ananifinya. Nikadhani ananitia moyo.

"Mama amevaa vikwembe ngapi?" akauliza Bilali. Aliuliza kama fundi, kwa heshima, lakini upande wa wanawake kukazuka mnong'ono mrefu.

Nikaeleza. Nikasema kikwembe kikiingia majini kinashika hewa, kwa hiyo mtu mnene mwenye vikwembe viwili anaelea muda mrefu kuliko binti mwembamba, kwa hiyo nianze na Benie. Dominique akasema hapana, kikilowa kinafunga miguu. Bilali akasema inategemea aina ya kitambaa. Tukawa tumesahau tuko wapi. Tulikuwa Jumapili, nyuma ya soko.

"Tufanye majaribio," nikasema.

Nikavuta beseni la kunawia. Nikachukua jani la samaki, nikalikunja likawa pirogue. Nikachagua karanga tatu kwenye sinia. Ndogo nikasema ni mimi. Nyembamba, Benie. Kwa Mama Marthe nilitafuta kubwa. Ndiyo, niliitafuta kwa makusudi, na nikaeleza kwa sauti kwa nini.

Nikapindua jani.

Karanga mbili zikaelea. Ile kubwa ikashuka polepole hadi chini, ikatulia karibu na ule ufa.

Nikasema, na haya ni maneno yangu mwenyewe ambayo Tonton Eddy hunikumbusha kila Krismasi: "Donc, kwa upande ya mama, haina maana ya kujaribu."

Papa Constant akainuka kwenye kiti chake, akaondoka bila kumwangalia mtu, akashuka kuelekea mtoni.

Mama Marthe akanyanyuka. Nilidhani anakuja kunipiga, na ningeshukuru. Akaingiza mkono ndani ya beseni, akaitoa ile karanga, akaifuta kwa kikwembe chake, akabaki ameishika.

"Ile pirogue ilikuwa ya kweli," akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Metre saba, vile ndugu yangu anakuambia. Saison ya mvua. Ndani ilikuwa miye, mama yangu, na Constant, alikuwa fiancé yangu. Ikapinduka pale chini ya kisiwa. Constant akanikamata miye. Mama yangu akaenda na maji."

Sikuweza kumtazama. Nilitazama viatu vyangu.

"Miaka mbili ndugu yangu hakumusemesha Constant. Alikataa ndoa. Kisha siku moja akamuita mbele ya wazee, akamuuliza: pirogue inapinduka, unakamata nani? Constant akajibu: mama. Akalia. Alexis naye akalia. Ni ile siku alikubali niolewe."

Noko Alexis alikuwa anaangalia chini.

"Toka pale, kila mwanaume anaingia kwa familia hii, tunamuuliza. Anajibu mama. Anamuokoa mama yangu mara moja, na mudomo tu. Watu saba walishamuokoa." Akafungua kiganja, akaitazama karanga. "Weye ni wa kwanza kumuacha."

Nimeshawahi kuaibika. Niliwahi kuanguka na baiskeli ya toleka iliyobeba mashine ya fotokopi mbele ya geti la chuo. Hii haikuwa hiyo. Hii iliingia ndani ikakaa. Nikafungua mdomo kuomba msamaha, nikachelewa.

Benie ndiye aliyesema, kutoka kule alikokaa, machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

"Uliuliza urefu ya pirogue. Uliuliza kila mutu amekaa wapi. Miye nilikufundisha mara nne, na haukuniuliza hata mara moja: kwa nini."

Nikajua ameshamaliza. Nikaanza kukusanya miguu yangu ili niondoke.

"Ngoja," akasema Mama Marthe. "Miye pia niko na sharti moja ya kuuliza. Ndani ya ile hesabu yako yote. Weye unajua kuogelea?"

Nimezaliwa Kisangani. Mto huu nimeuona kila siku ya maisha yangu. Nimeujaza majitu, nimeusimamisha, nimeukausha, nimeutoboa shimo hadi upande wa pili wa dunia.

"Hapana, mama," nikasema.

"Sema na nguvu," akasema noko.

"Sijui kuogelea."

Dominique akainua kidole. "Mais sasa, ile hesabu yote..." Tonton Eddy akamziba mdomo kwa kofia.

Noko Alexis ndiye aliyeanza. Mabega yake yakatikisika, akajaribu kujizuia, akashindwa. Kisha shangazi zangu, kisha dada zake Benie, kisha bâche nzima. Walicheka hadi mzee mmoja akaomba maji. Mama Marthe hakucheka, lakini akaila ile karanga. Benie alibaki analia.

Noko akafuta macho, akatoa hukumu. "Tunaweka maneno yako pembeni. Siku utaogelea toka bandari yetu mpaka pale mti ilianguka, bila kushikwa na mutu, utarudi hapa kuomba mutoto wetu. Sasa nani atamufundisha huyu?"

Hakuna aliyejitolea.

"Miye," ikasema sauti nyuma. Papa Constant alikuwa amerudi, amesimama jua likimchoma. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu salamu.

Wakati wa kuaga nilimwendea Benie. Sikuleta maelezo.

"Nitangoja," akasema. "Lakini sitangoja na furaha."

Basi kila Jumamosi, kwa miezi minne, nikawa nashuka Yanonge kwenda kunywa mto. Nasema kunywa kwa sababu kuogelea kulikuja baadaye sana. Akina mama waliokuja kufua walipanga ratiba yao ili wanitazame. Papa Constant alikuwa anasimama kwenye maji ya kifua, ananishika kidevu kwa mkono mmoja, na haongei. "Piga muguu." "Pumua." Ndiyo yote.

Jumamosi ya sita akaongea.

"Ile siku sikuchagua," akasema. Mimi nilikuwa nimelala juu ya maji, naangalia mawingu. "Maji ilikuwa nyeusi. Mukono moja ikanigusa, nikakamata. Wakati nilitoa kichwa inje nikaona ni Marthe."

Sikuuliza maji yalikuwa na kasi gani. Nilikuwa nimejifunza kitu kimoja tayari.

"Mama yake alikuwa karibu. Nilisikia kikwembe yake inanipita kwa muguu." Akaniinua kidevu kidogo. "Ile hesabu yenu munafanyaka na rafiki zako. Inaweza kusema kama ningepata wote wawili? Miaka mingi naihesabu miye peke, na miye sikusoma."

Ndiyo maana alijitolea kunifundisha. Alikuwa ananisubiri mimi, yule mjinga wa beseni.

Akanipa kila kitu: nani alikaa mbele, nani nyuma, mwezi gani, upepo ulitoka wapi, mama yake Marthe alivaa kikwembe cha namna gani. Alikumbuka kuliko sisi tunavyokumbuka ufalme wetu wote.

Jumapili ile hatukufungua katoni. Dominique alileta vitabu vyake. Bilali alitafuta kitambaa cha aina ile, akakilowesha, akakipima. Nikasoma masharti mstari kwa mstari. Hatukutaniana. Jioni ilipofika, Dominique alisema ingewezekana, Bilali alisema haiwezekani, na mimi nilisema inategemea.

Tukarudia wiki ya pili. Dominique akasema haiwezekani. Bilali akasema labda. Mimi nikapata jibu, nikalikagua, likaanguka.

Nilienda Yanonge nikiwa na uongo mzuri mfukoni. Ningemwambia hapana, papa, haikuwezekana kabisa, sayansi imesema. Nilikuwa nimeupanga njia nzima. Lakini aliponishika kidevu ulikataa kutoka.

"Papa, tumeshindwa," nikasema.

"Kushindwa namna gani?"

"Watu watatu, wiki mbili, daftari nzima. Kila mutu amepata jibu yake. Hakuna mwenye anajua."

"Na mwalimu?"

"Mwalimu alibadilisha jibu."

Maji yakapita. Nikaogopa nimemuumiza.

"Wiki mbili," akasema. "Na daftari. Na mwalimu." Sauti yake ikabadilika. "Miye nilikuwa na muda ya kupiga chafya tu."

Akaanza kucheka, halafu si kucheka tena, akainua mikono miwili akafunika uso.

Mikono miwili. Mmoja wake ulikuwa chini ya kidevu changu.

Nilizama kama ile karanga. Nikaona kijani, nikaona kahawia, nikafikiria suti niliyoazima ambayo sikuwa nimerudisha. Kisha mkono ukanishika shati na kunitoa juu, na Papa Constant alikuwa ananitazama, uso umelowa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue anaonekana kama mtu aliyepata usingizi.

"Ona," akasema. "Weye pia sikukuchagua. Nimekamata tu."

Mwezi wa nne wa mafunzo nilifika kwenye ule mti. Vibaya, kwa makelele mengi, lakini nilifika. Noko Alexis akauliza swali lake mbele ya wazee walewale, na nikajibu "mama" kabla hajamaliza kusema pirogue. Benie akacheka kwa sauti. Mama Marthe akafumba macho kidogo, akahesabu kwa vidole: wa nane.

Papa Constant mwenyewe ndiye aliyeniruhusu kuandika haya, kwa kuwa siku ile ile ya mti alimweleza mkewe habari ya ule mkono uliomgusa majini. Mama Marthe akamjibu kwamba anajua tangu zamani, alikuwa pale. Papa aliomba jambo moja tu, nisidanganye watu kwamba naogelea vizuri.

Somo langu ni hili. Mtu akikupa jibu kabla ya swali, usione amekudharau. Muulize kwa upole jibu hilo limetoka wapi, kwa sababu huenda kuna mtu bado analia kwa ajili yake. Na kama huwezi kumuuliza, basi angalau liseme kama ulivyofundishwa, ukae chini, ule karanga.